GPS tupu, A-GPS, au minara na waifai: ipi ya kutegemea na wapi

Kuna watu wanaamini GPS inakula bando. Kuna wengine wanaamini kinyume, kwamba GPS ni mambo ya setilaiti tu na laini ya simu haihusiki kabisa, ichomoe uone. Wote wameshika nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndo inawafanya wanunue traka (kifaa cha kufuatilia gari au mzigo) isiyowafaa au wazime setingi iliyokuwa inawasaidia kimyakimya. Kwa hiyo nimeona nizipange hizi njia sambamba, maana nimechoka kuandika jibu lilelile kila mtu anaponiuliza "mbona lokesheni yangu inachelewa" au "mbona inaruka ruka".

Njia ziko tatu. Ya kwanza simu inasikiliza setilaiti yenyewe bila msaada wa mtu yeyote, mi naiita GPS tupu. Ya pili bado inasikiliza setilaiti, ila netiweki inaipenyezea majibu ya nusu ya mtihani kabla haijaanza, hii ndo A-GPS, yaani GPS iliyosaidiwa. Ya tatu haigusi setilaiti kabisa, inaangalia imeshika mnara gani na waifai gani ziko jirani, basi inakisia. Simu ya kisasa inazo zote tatu na inazichanganya bila kukuuliza, lakini kuna sehemu we ndo unaamua: kwenye setingi za lokesheni, unaponunua traka au tableti, unapotengeneza apu, na siku uko mahali hakuna netiweki ambapo hutaulizwa unachagua nini.

Nianze na GPS tupu maana ukiielewa hii nyingine zinajieleza.

Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200 na kazi yao ni kutangaza tu, kama redio. Hazikujui, hazikusikii, hazina habari kama upo. Watu wawili wasikilize au bilioni wasikilize kwao ni sawa. Ndo maana haiwezekani ikala bando, hakuna kitu kinachotumwa kutoka kwako. Simu inapokea mawimbi, inapima yametumia muda gani kufika, inazidisha kwa kasi ya mwanga ambayo ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, inapata umbali. Ikipata umbali wa setilaiti nne inajua ilipo. Kwa nini nne na sio tatu? Kwa sababu setilaiti zina saa za atomiki na simu yako ina kisaa cha bei ya kawaida tu, na saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde umbali unakosea mita 300, kwa hiyo ile ya nne kazi yake ni kuisuta saa ya simu. Na nikisema GPS humu naongelea pia ndugu zake, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China, simu nyingi sa hivi zinasikiliza zote pamoja, ila namba ninazotaja ni za GPS yenyewe.

Sasa ubaya wake ni kusubiri. Ili upige hesabu hutakiwi kujua umbali tu, unatakiwa ujue na setilaiti yenyewe iko wapi angani sekunde hiyo, na hiyo taarifa, inaitwa efemerisi, setilaiti inakutumia yenyewe kwa spidi ya biti 50 kwa sekunde. Hamsini! Sio kilobiti, biti. Fremu moja ya ujumbe ina biti 1500 kwa hiyo inachukua sekunde 30 kuisha, na zile habari muhimu za saa na njia ya setilaiti zimekaa kwenye sekunde 18 za kwanza. Ukipita chini ya mti au ukageuka mgongo ukapoteza kipande, inabidi usubiri kirudi kwenye mzunguko unaofuata. Ule ujumbe mzima wenye ratiba ya jumla ya setilaiti zote unachukua dakika 12 na nusu.

Na hapo bado hujaipata setilaiti yenyewe. Kila moja ina kodi yake (msimbo wa kuitambulisha, sio ile ya serikali) ya vipande 1023 inayojirudia mara elfu kwa sekunde, zote ziko kwenye masafa mamoja ya megahezi 1575.42, na kwa sababu setilaiti inakimbia masafa yanapanda au kushuka kwa kilohezi kadhaa, ongeza na uzembe wa kisaa cha simu. Simu iliyoamka haijui ipo bara gani wala saa ngapi inabidi ijaribu kila setilaiti, kila masafa, kila mwanzo wa kodi, kama mtu anatafuta funguo kwenye giza na hajui hata chumba. Halafu mawimbi yenyewe yakifika chini ni dhaifu kuliko kelele za umeme ndani ya chipu yako, yanachimbuliwa kwa hesabu tu. Kiukweli ukijua haya unashangaa kwamba inafanya kazi, sio kwamba inachelewa.

Kwa hiyo GPS tupu ikianza kwenye ubaridi kabisa, yaani haina kumbukumbu yoyote ya setilaiti, ukiwa nje na mbingu wazi, utasubiri nusu dakika ukiwa na bahati, ukiwa katikati ya majengo au unatembea inaweza kuwa dakika kadhaa, na ndani ya nyumba usijisumbue. Ikishashika lakini, imeshika. Mbingu wazi simu ya kawaida inakupa kama mita 5 na haijalishi uko jangwani au baharini.

A-GPS imekuja kuua hiyo kusubiri, na hapa ndo penye utamu wa hii habari yote.

Netiweki inafanya vitu vitatu. Inakupa efemerisi kwa intaneti, kwa hiyo kile ulichokuwa unadokoa kwa biti 50 kwa sekunde kinaingia kwa mpigo. Inakuambia uko maeneo gani kwa sababu inajua umeshika mnara upi, kwa hiyo simu inajua setilaiti zipi ziko juu yake sasa hivi na zipi ziko upande wa pili wa dunia, hizo haihangaiki nazo. Na inakupa saa pamoja na masafa yaliyotulia, maana mnara una kisaa kizuri kuliko cha simu na simu inajirekebisha kwake. Ule utafutaji wa kwenye giza unageuka kuwa kuangalia droo moja. Sekunde chache nukta ya ulipo imetoka kwenye ramani.

Ila kuna faida nyingine watu hawaisemi na mi naona ndo kubwa zaidi. Kusoma ujumbe wa setilaiti kunahitaji mawimbi yenye nguvu kiasi, lakini kupima tu muda wa kufika kunawezekana hata mawimbi yakiwa hafifu sana, kwa sababu kodi unaijua tayari unaweza kuirundika rundika mpaka ionekane. Sasa netiweki ikikupa ujumbe wewe huna haja ya kuusoma, unapima tu. Ndo maana simu yenye A-GPS inaweza kupata lokesheni karibu na dirisha, ndani ya gari, chini ya miti minene, mahali ambapo GPS tupu ingekaa inazunguka tu mpaka ukate tamaa.

Kitu ambacho A-GPS HAIFANYI, na hapa nasisitiza kwa sababu matangazo ya simu yanachanganya watu: haikuongezei usahihi. Zile mita 5 ni zilezile, vipimo vinatoka setilaiti zilezile. Inakuongezea haraka na inakuongezea uwezo wa kusikia. Ukitaka usahihi angalia kitu kingine kwenye karatasi ya sifa za simu, kama imeandikwa inapokea masafa mawili, L1 na L5. Simu ya kwanza kuuzwa na hiyo ilikuwa Xiaomi Mi 8 mwaka 2018, na faida yake inaonekana mjini kwenye maghorofa ambako mawimbi yanagonga ukuta ndo yanakufikia, L5 inatenganisha vizuri zaidi yaliyokuja moja kwa moja na yaliyokuja kwa kudunda. Neno A-GPS lenyewe kwenye tangazo lisikubabaishe, karibu kila simu janja inayo.

Bando? Ndio inakula, kilobaiti chache. Picha moja uliyotumiwa kwenye grupu imekula zaidi. Kinachokula bando ni RAMANI, zile picha za barabara zinazoshuka kila ukisogea, na watu wanasingizia nukta. Pakua ramani kabla ya safari uone kama nukta itakudai kitu. Na ukiona nukta inaelea kwenye rangi ya kijivu tupu usiseme GPS imekufa, GPS nzima, ramani ndo haipo.

Hii teknolojia haikuletwa na mapenzi kwa watumiaji kwa kweli, ililetwa na simu za dharura. Marekani, FCC, yaani mamlaka yao ya mawasiliano, ilianza mwaka 1996 kulazimisha kampuni za simu ziweze kujua mtu anayepiga 911 yuko wapi, na mwaka 1999 ikaweka vipimo: njia inayotegemea kifaa cha mkononi, yaani setilaiti, iwe ndani ya mita 50 kwa asilimia 67 ya simu na mita 150 kwa asilimia 95, wakati njia inayotegemea minara tu iliruhusiwa mita 100 na mita 300. Yaani ulinganisho ninaojaribu kuufanya hapa wenyewe waliuweka kwenye sheria zamani, minara ilipewa ruhusa ya kukosea mara mbili. Kampuni ya SnapTrack iliyokuwa mbele kwenye A-GPS ikanunuliwa na Qualcomm mwaka 2000, na kuanzia hapo GPS ikawa inaingia ndani ya chipu za simu. Hata iPhone ya kwanza ya 2007 haikuwa na GPS, ilikuwa inakisia kwa minara na waifai, GPS ikaja na ile ya 3G mwaka 2008.

Ukiwa unatengeneza mfumo, A-GPS yenyewe ina sura mbili na kuchagua kuna maana. Moja, netiweki inakupa msaada, simu inapiga hesabu yenyewe na jibu linabaki kwako. Mbili, simu inapima tu halafu inatuma vipimo kwa seva, seva ndo inapiga hesabu. Ya pili ilikuwa nzuri zamani chipu zikiwa dhaifu, na bado ina kazi kwa vifaa vidogo vya betri ndogo, lakini kila lokesheni inakuwa safari ya kwenda na kurudi kwenye seva na seva inajua ulipo. Kwa mtu anayetumia lokesheni mfululizo, kama kuongozwa barabarani, ya kwanza haina mpinzani. Na kuna mbadala wa tatu wa wale wenye intaneti ya mashaka: unapakua faili la efemerisi zilizotabiriwa za siku kadhaa mbele, traka inakaa nalo, haiombi msaada kila mara. Utabiri unachakaa kadri siku zinavyopita ila hata wa siku ya nne au tano unakuokolea ule msako wa kwenye giza. Kwa traka za mbali mi ningechukua hii bila kufikiri mara mbili.

Udhaifu wa A-GPS we mwenyewe umeshauona: netiweki ikikosekana inarudi kuwa GPS tupu. Haifi, inarudi kuwa mzee. Efemerisi ina uhai wa kama masaa 4, kwa hiyo kama unaingia sehemu isiyo na mnara fungua ramani ungali na netiweki, nje, uache nukta itulie, ndo uingie. Niliwahi kuzima simu kutunza chaji nikaiwasha baada ya siku mbili juu mlimani, hakuna netiweki, nikatembea nayo mkononi nikiilaani, mpaka nilipokaa chini nimechoka ndo nukta ikatoka. Kumbe kukaa chini ndo kulisaidia, simu ikapata muda wa kusoma ujumbe bila kukatwa katwa.

Ya tatu sasa, minara na waifai.

Mnara peke yake ni makisio mapana. Simu inajua namba ya seli (eneo linalohudumiwa na mnara) iliyoshika, seva inajua seli hiyo iko wapi, basi. Mjini ambako minara imebanana unaweza kupata mita mia kadhaa, nje ya mji ni kilomita. Netiweki inaweza kupunguza kwa kupima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, lakini kwenye GSM, yaani 2G, hatua moja ya kipimo hicho ni kama mita 550, kwenye 4G ni kama mita 78, na inakuambia umbali tu sio upande. Kuna njia ya kulinganisha minara kadhaa kwa wakati mmoja, ila inadai minara iwe na saa zinazolingana kabisa, na unajua minara mingi inapata saa wapi? Kwenye GPS. Kuna kiantena kimekaa pale juu kinasikiliza setilaiti, na 4G na 5G zile za kupokezana masafa kwa zamu zinataka saa ya kila mnara isikosee zaidi ya mikrosekunde 1.5 hivi. Kwa hiyo anayesema "mi sitegemei setilaiti, natumia minara" aangalie vizuri.

Waifai ni habari nyingine, na ndani ya majengo ndo mfalme. Simu haihitaji kuunganishwa, inasoma tu namba za ruta zilizo jirani, inauliza seva namba hizi ziko wapi, inapata makumi ya mita au chini ya hapo. Kwenye ruta zenye uwezo wa kupima muda wa mawimbi, ambayo Android imeikubali tangu toleo la 9 la mwaka 2018, unashuka mpaka mita moja au mbili. Shida yake ni kwamba inaamini kumbukumbu. Nilihama na ruta yangu, na kwa wiki kadhaa simu ikiwa ndani inaniambia niko nyumba ya zamani, nikitoka nje nukta inaruka mji mzima kunifuata. Kwa hiyo ukiona nukta yako imelala mahali ulipohama, usirudishe simu dukani, ni ruta.

Betri: minara ni karibu bure kwa sababu simu inaongea nayo hata hivyo. Waifai inakula kidogo. Setilaiti mfululizo ndo inakula, ingawa kwa lokesheni ya mara moja A-GPS inakula kidogo kuliko GPS tupu, chipu inawaka sekunde chache badala ya dakika. Kwenye kuongozwa barabarani wala usilaumu setilaiti, kioo kilichowaka muda wote ndo mla chaji.

Faragha watu wanaielewa kichwa chini. GPS tupu ndo ya siri kuliko zote, haimwambii mtu, ni apu zako ndo zinapeleka umbea. A-GPS seva ya msaada inajua uko maeneo gani kwa jumla. Na minara, hata ukizima lokesheni kwenye setingi, kampuni ya simu bado inajua umeshika seli ipi, isingejua usingepigiwa. Kuzima lokesheni kunazifungia apu, sio netiweki.

Sasa uchague nini. Simu ya mkononi ya matumizi ya kila siku, acha zote zimewaka, ule "usahihi ulioboreshwa" kwenye setingi za lokesheni, unaoruhusu minara na waifai kusaidia, usiuzime kwa kudhani unaokoa bando. Unanunua tableti ya kukuongoza barabarani, angalia mara mbili: iPad ya waifai tu haina GPS kabisa, ya kuweka laini ndo inayo, hata kama hutaweka hiyo laini. Traka ya gari, chukua yenye setilaiti pamoja na laini, na uiweke mahali panapoona mbingu sio chini ya bati. Hapa kuwa macho sana, kuna vitraka vidogo vinauzwa kwa jina la GPS na ndani hakuna GPS, ukisoma vizuri wameandika LBS, yaani minara tu, gari limeegeshwa na nukta inahama mitaa mitatu usiku kucha. Kwa kujua kontena limefika mji gani LBS inatosha na betri itakaa muda mrefu, kwa kutafuta pikipiki iliyoibwa ni kujipa presha bure.

Kwa dharura usichague, wacha simu ichague. Kuna mfumo unaitwa AML ulioanzia Uingereza mwaka 2014, kwenye nchi zilizouwasha ukipiga namba ya dharura simu yenyewe inaamsha setilaiti na waifai kwa sekunde kadhaa halafu inatuma lokesheni bora iliyopata, hata kama lokesheni ulikuwa umeizima.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako na una Android, pakua apu yoyote ya kuonesha setilaiti, nyingi zina kitufe cha kufuta data za A-GPS. Futa, weka hali ya ndege, zima na waifai, toka nje, hesabu sekunde. Halafu rudia ukiwa na data. Mara ya kwanza utaona setilaiti kibao zimejaa kwenye kioo na nukta haitoki, usiihangaikie wala usiizime, imekaa inasoma biti 50 kwa sekunde.